Ulijuaje Kwamba Ni Dawa Iliyoponya?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, homa ya mtoto ikipanda usiku ushauri haukosekani. Jirani mmoja atasema yachemshwe majani machungu ya mubirizi. Mwingine ataleta tembe zilizobaki tangu mwaka uliopita. Kila mmoja ana ushahidi wake: "Mwanangu alikunywa, asubuhi akaamka mzima." Wala jirani hasemi uongo. Mtoto wake alikunywa kweli, na kweli alipona. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: kama asingalikunywa, asingalipona?

Homa nyingi za watoto huondoka zenyewe baada ya siku chache. Basi chochote kinywewacho siku ya pili hujipatia sifa siku ya tatu.

Kosa hili si la wasiosoma peke yao. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu namba tatu: 2, 4, 6. Aliwaambia kuwa zimepangwa kwa kanuni fulani, nao waigundue kwa kutaja namba nyingine tatu tatu, naye akiwajibu ndiyo au siyo tu. Wengi walidhani papo hapo kwamba namba zinaongezeka kwa mbili mbili. Wakataja 8, 10, 12, wakajibiwa ndiyo. Wakataja 20, 22, 24, ndiyo tena. Wakaitangaza kanuni yao kwa fahari, wakakosea. Kanuni ilikuwa nyepesi mno: kila namba iwe kubwa kuliko iliyoitangulia. Aliyethubutu kutaja 1, 2, 9, akitaraji kuambiwa siyo, angalitambua mara moja kwamba dhana yake ina kasoro. Kati ya watu 29, ni 6 tu waliopata jibu bila kutangaza kosa kwanza. Mchezo huo waweza kujaribiwa nyumbani au bwaloni, ingawa si wakati wa lindo.

Akili ya binadamu hupenda kukusanya "ndiyo". Kuitafuta "siyo" ni kazi ya kufundishwa, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya sayansi, kuliko majina yote ya mifupa.

Hata madaktari waliihitaji. Kwa vizazi vingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini, na hapana daktari ambaye hakuwahi kuona mtoto aliyeinuliwa nayo kitandani. Hospitali ya Mbarara ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 9 za Afrika ambako watoto 5,425 waligawanywa kwa kura, hawa wakipewa kwinini, wale atesuneti. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa 297 kati ya 2,713. Waliopewa atesuneti walikufa 230 kati ya 2,712. Tofauti hiyo ni uhai wa watoto wengi, lakini hapana jicho la daktari mmoja, hata awe stadi namna gani, lingaliweza kuiona katika wodi yake. Iliyoiona ni hesabu, kwa kulinganisha kundi na kundi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Je, mtoto wa miaka kumi aweza kufundishwa fikra hizo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway walijaribu katika shule za msingi 120 za Uganda ya kati, wakitumia kitabu cha hadithi za picha kwa darasa la tano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika shule zilizofundishwa, wanafunzi 69 katika kila 100 walifaulu mtihani wa kupima madai ya tiba, katika shule nyingine, 27.

Nakivale lipo pingamizi jingine. Mtoto aliyeanza shule Kongo kwa Kifaransa, na nyumbani husema Kiswahili, hujikuta akisomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Hukariri sentensi kwamba mbu huleta malaria, akapata alama zake, na jioni akaamini kama bibi yake kwamba maembe ndiyo yaletayo homa. Elimu mpya haikuifukuza ya zamani. Zimepangishwa vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

Yafaa mzazi asimcheke. Dhana ya maembe ina macho: maembe huiva, mvua hunyesha, homa huzidi. Amwulize kwa Kiswahili tu: "Je, wasiokula maembe hawaugui? Na waliokula wakalala ndani ya chandarua?" Mtoto mwenyewe ataanza kuhesabu majirani.

Mgonjwa hangoji mjadala huo. Apelekwe kituo cha afya, ambako tone la damu hutiwa katika kipimo kidogo na kusubiriwa kama robo saa. Mistari miwili maana yake ni malaria. Mmoja, ule wa ukaguzi, maana yake haikuonekana. Na huo mstari wa ukaguzi usipotokea, kipimo chenyewe kimeharibika. Mhudumu hukitupa, akachukua kingine.