Nukta nyekundu ya anko

Msee, ukisikia leza kwenye bastola, najua picha inayokujia kichwani. Filamu, chumba cheusi, nukta nyekundu inapanda polepole hadi kifuani mwa jamaa, na kila mtu anajua mambo yameisha. Hata mimi niliona hivyo, hadi anko wangu wa Meru alipopata yake.

Kabla hujaniuliza: mimi sina bastola na sina mpango nayo. Tena hapa Kenya haununui bunduki kama simu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na kukutwa na silaha bila cheti ni jela. Hata walio na vyeti hawajatulia. Desemba 2018 Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, aliamuru wote wachunguzwe upya ndani ya siku 90.

Anko hununua miraa huko Maua, na kuna wakulima ambao bado wanataka pesa mkononi, si kwa simu. Jioni moja alisimamishwa njiani, akaachwa na soksi tu. Hapo ndipo akaanza kuomba leseni. Ilichukua muda mrefu, makaratasi na maswali kibao. Alipopata bastola, ilikuwa na leza ndogo chini ya mtutu, na alikuwa na furaha ya mtoto wa Krismasi. "Kijana yangu," akaniambia, "hii haina haja ya kulenga. Unawasha, unaona nukta, basi."

Basi siku moja akanibeba kwenda kufanya mazoezi Kiambu, kwa sababu mimi ndiye dereva wa bure katika familia tangu niache chuo. Tulitoka Meru asubuhi na mapema, tukapita Nkubu, tukapunguza mwendo Nithi kama kila mtu mwenye akili, na Embu tukasimama kwa chai. Hapo tulimchukua rafiki yake, polisi mstaafu mwenye shamba la makadamia upande wa Manyatta. Kila mtu humwita Afande, hata mkewe.

Afande aliangalia ile leza akacheka. "Baite, umenunua taa ya disko."

Ubishi ulianzia hapo na ukatufikisha Kiambu. Wacha nikueleze walichokuwa wakibishania. Bastola ya kawaida ina vilengeo vya chuma tupu: kijino kimoja mbele juu ya mtutu, na nyuma kipande chenye mwanya. Unaweka kijino katikati ya mwanya, vimo vinalingana, kisha unakaza jicho kwenye kijino, si kwenye shabaha. Shabaha inabaki na ukungu kidogo. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu ukiogopa jicho linataka kumtazama unayemwogopa.

Na makosa ya chuma ni ghali. Kati ya kijino na mwanya kuna kama sentimita 15 tu. Kijino kikihama milimita 1, kwa umbali wa mita 10 risasi inapita karibu sentimita 7 kando. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii niliifanya mwenyewe kwa simu pale kwenye gari.

Leza inaondoa hiyo kazi ya kupanga chuma. Inaweka nukta pale bastola inapoelekea, na macho yako yanabaki kwa shabaha. Anko alikuwa na hoja, haswa kwa mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye bila miwani hauoni huo mwanya.

Tulifika uwanja wa Kirigiti saa sita mchana, jua limesimama utosini. Afande akabandika karatasi mita 15. Anko akawasha leza. Kimya. Nukta haionekani. Akaanza kuzungusha mtutu pale kwenye karatasi kama mtu anayetafuta network kijijini. Leza nyekundu kwenye jua la nchi ya ikweta humezwa kabisa. Ya kijani ingeonekana zaidi, kwa sababu jicho la binadamu hunasa kijani kuliko nyekundu, lakini hata hiyo inategemea betri. Afande alichukua zamu yake kwa vilengeo vya chuma, polepole, na matundu yake yote yangefunikwa na kiganja. Anko yake yalitawanyika kama mahindi ya kurushia kuku.

Lakini Afande hakumwambia aitupe, na hilo lilinishangaza. Alimwambia aitumie nyumbani, bila risasi. Risasi zinakaa chumba kingine kabisa. Magazini inatoka, chemba inaangaliwa mara mbili, kisha mara ya tatu na mtu mwingine. Unaelekea ukuta wa mawe ambao nyuma yake hakuna mtu. Halafu unavuta kifyatulio ukitazama nukta inafanya nini.

Jioni hiyo hiyo nilikuwa yule mtu mwingine. Anko akavuta. Nukta ikaruka chini kushoto. Akavuta tena, ikaruka tena pale pale. Chuma hakingemwonyesha hivyo. Kumbe tatizo halikuwa macho peke yake, ni mkono uliokuwa ukijikaza kabla ya mlio ambao hata haukuwepo. Alinyamaza muda mrefu. Tangu hapo, dakika kumi kila jioni, na baada ya wiki kadhaa nukta ilianza kutulia.

Ningemaliza hapa ingekuwa stori poa. Lakini kuna usiku mmoja lazima nikusimulie, ingawa anko hapendi.

Saa nane usiku, mlango wa nyuma ukagongwa na bati, kisha ukafunguka. Anko akatoka chumbani na bastola, leza ikiwa imewaka. Mimi nilikuwa nalala sebuleni, nikaamka na kuona ile nukta ya filamu ikitetemeka kwenye jaketi ya mtu mlangoni. Hakuna aliyeongea. Halafu yule mtu akasema, "Baba?"

Alikuwa binamu yangu, ametoka reve, amesahau ufunguo.

Kidole cha anko kilikuwa nje ya kifyatulio, kimelala ubavuni mwa bastola kama Afande alivyomfundisha. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Leza ilikuwa imemwonyesha vizuri sana mahali risasi ingeenda. Ni nani amesimama hapo, haikumwambia kitu. Ile nukta haimuliki sura. Na macho yake, aliniambia baadaye, yalikuwa yameganda kwenye nukta tu, hakuona hata jaketi aliyoinunua mwenyewe. Tena nyuma ya huo mlango ni mbao, na nyuma ya mbao ni chumba cha nyanya.

Kisheria pia mambo yangeweza kuwa magumu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inaachia kujitetea kupimwa kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, yaani nguvu uliyotumia lazima iwe ya kiasi kinachofaa kwa hatari uliyoamini kwa dhati kwamba ipo. Hatari yenyewe ilikuwa kijana amelewa soda na kafungua mlango vibaya. Sawa, labda si soda.

Siku hizi kando ya kitanda cha anko kuna tochi kubwa, na sheria ya nyumba ni tochi na sauti kwanza. Binamu ana ufunguo wake kwenye kamba shingoni, na anapiga simu akifika geti. Mazoezini, risasi hamsini za kwanza ni za chuma, leza imezimwa. Miwani mipya ilisaidia sana pia.

Tulipita Embu tena mwezi uliopita. Afande alikagua karatasi ya anko kwa muda, akahesabu matundu, akairudisha bila kusifu. Kisha akaniuliza mimi, si anko: "Na yule kijana, ameacha kupitia mlango wa nyuma?"