Kwa Nini Kompyuta Huuliza Nchi: Chaneli za Mtandao Usiotumia Waya

Hutokea kompyuta mbili zikawa katika ofisi moja, ya kwanza ikauona mtandao usiotumia waya na ya pili isiuone kabisa. Aghalabu huo si ubovu wa kifaa, bali ni kanuni za masafa ya redio zinazofanya kazi yake.

Katika masafa ya megahezi 2,400, chaneli huanzia namba 1, yenye megahezi 2,412. Vifaa vya Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11. Nchi nyingi nyinginezo hutumia 1 hadi 13. Na chaneli 14 iliruhusiwa Japani peke yake. Kwa hiyo, ruta ikiwekwa chaneli 13, kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huweza isiione.

Kazi ya draiva

Draiva ni programu inayounganisha kadi ya redio na mfumo wa kompyuta. Kompyuta inapowashwa, draiva hutoa taarifa ya chaneli ambazo kadi inaziweza, pamoja na kiwango cha juu cha nguvu ya kurusha mawimbi. Katika mfumo wa Linux, orodha hiyo hulinganishwa na hazina ya kanuni za nchi mbalimbali, ambamo kila nchi ina msimbo wa herufi mbili. Msimbo wa Tanzania ni TZ. Kinachotumika ni kile tu kilichokubaliwa na pande zote mbili: uwezo bila ya ruhusa hautumiki, na ruhusa bila ya uwezo haina faida.

Nchi isipojulikana, hufuatwa kanuni ya tahadhari yenye msimbo 00. Hapo chaneli 12 na 13 husikilizwa tu. Kompyuta haiwi ya kwanza kurusha mawimbi.

Suala la rada

Baadhi ya chaneli za megahezi 5,000 hutumiwa pia na rada. Ruta hulazimika kusikiliza kwanza kwa muda usiopungua sekunde 60, na ikiisikia rada, ihame. Mwaka 2009, katika kisiwa cha Puerto Rico, iligundulika kwamba vifaa vya mtandao usiotumia waya vilikuwa vikiiingilia rada ya hali ya hewa inayohudumia uwanja wa ndege wa San Juan. Rada ya aina hiyo huwatahadharisha marubani juu ya upepo wa ghafla unaoweza kuiangusha ndege inapotua.

Hivyo basi, anayeandika msimbo wa nchi ya kigeni ili apate nguvu zaidi haongezi uwezo wa kadi yake. Huiondolea tu kinga iliyowekwa kwa usalama wa wengine.

Wanaofunga ruta maofisini na majumbani wanakumbushwa kuweka msimbo wa TZ. Aidha, mahali penye wageni wengi panafaa chaneli 1, 6 au 11, ambazo huonwa na vifaa vya nchi zote. Usimamizi wa masafa nchini Tanzania, Zanzibar ikiwemo, ni jukumu la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.