Tiketi ya ndege ya bei nafuu: mkazi wa Nyeri hulipa nini hasa?

Wakazi wengi wa Nyeri, Karatina, Othaya na Mweiga wana jamaa Mombasa, Kisumu au Eldoret. Kila inapofika Desemba, au msiba unapotokea ghafla, swali huwa lile lile: ni basi, ni treni, au mara hii ni ndege? Matangazo ya nauli za chini huwavutia wengi, na si uongo kwamba nauli hizo zipo. Ila bei iliyo kwenye tangazo ni ya kutoka Nairobi, na mkazi wa Nyeri hasafiri kutoka Nairobi.

Usafiri wa ndege wa bei nafuu si mpya nchini. Fly540 ilianza 2006, na jina lake lilitokana na nauli ya shilingi 5,540 ya kwenda Mombasa na kurudi. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari Aprili 2014 kwa njia za Mombasa, Kisumu na Eldoret. Siku hizi hutumia ndege za rafadha aina ya Dash 8-400, ambazo kwa safari fupi hutumia mafuta kidogo kuliko jeti. Kampuni inapokuwa na aina moja ya ndege, marubani, mafundi na vipuri huwa vya aina moja pia, na ndege ikitua hupakia abiria wengine na kuondoka upesi. Ndege iliyoegeshwa haiingizi pesa.

Sababu nyingine humgusa abiria moja kwa moja. Nauli ya chini kabisa hununua kiti na mkoba wa mkononi, basi. Kwa Jambojet mkoba huo hauruhusiwi kuzidi kilo 7. Begi la kupakiwa tumboni mwa ndege hulipiwa kando, na kulipia mapema wakati wa kununua tiketi huwa nafuu kuliko kulipia uwanjani. Kuchagua kiti au kubadilisha tarehe pia kuna ada yake. Viti vya bei ya chini ni vichache. Vikiisha, bei hupanda hatua kwa hatua hadi siku ya safari. Anayenunua wiki sita kabla na anayenunua jana yake huketi sako kwa bako, lakini mmoja huenda amelipa mara mbili ya mwenzake.

Tatizo kubwa la mtu wa Nyeri, hata hivyo, ni barabara. Kutoka mjini Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150. Upanuzi wa barabara ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, umeifanya sehemu hiyo iwe nyepesi, lakini msongamano wa Githurai, Roysambu na Pangani asubuhi haujaenda popote. Matatu humshusha abiria katikati ya jiji, naye bado ana safari ya kufika uwanja wa Jomo Kenyatta, ambako kuna ukaguzi langoni na mwingine ndani.

Tuseme ndege inaondoka saa tano asubuhi. Inafaa abiria awe uwanjani saa tatu. Atoke katikati ya jiji saa mbili. Akiiachia barabara ya Nyeri saa tatu, na saa moja zaidi ya msongamano, anapaswa kuwa ndani ya gari saa kumi alfajiri. Atatua Mombasa kabla ya saa sita mchana. Safari ya angani haifiki saa moja, lakini siku yake imekula saa nane.

Mwenzake anayepanda treni ya SGR ya alasiri anaweza kuondoka Nyeri saa mbili asubuhi na kufika kituo cha Miritini usiku. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Kwa hiyo tofauti ya ndege na treni ni saa nne au tano, si siku nzima kama wengi wanavyodhani. Kwa mgonjwa, mzee, au anayewahi mazishi, saa hizo zina thamani kubwa. Kwa familia ya watu watano wanaokwenda likizo, huenda zisiwe nayo.

Kwa Kisumu na Eldoret hesabu ni ngumu zaidi. Kushuka Nairobi ili kupaa kuelekea magharibi ni kurudi nyuma kwanza, ilhali kuna barabara ya Nyahururu na Nakuru.

Ndege za jioni nazo zina mtego wake. Nauli inaweza kuwa ya chini, lakini anayetua Nairobi saa nne usiku akirudi Nyeri huenda alale jijini. Chumba cha kulala na teksi hula punguzo lote, na pengine zaidi.

Wapo wanaouliza kwa nini wasipande ndege karibu na nyumbani. Uwanja mdogo wa Nanyuki una safari za ratiba za Safarilink na AirKenya kutoka Wilson, lakini hizo hulenga zaidi watalii wa Laikipia na Maasai Mara, na nauli zake si za bei nafuu. Uwanja wa Isiolo ulifunguliwa rasmi 2017, ila njia yake ya kurukia ni fupi kwa jeti kubwa, na safari za ratiba hazijadumu. Nyaribo, uliopo hapa kwetu, hauna safari za ratiba. Usafiri wa anga, kwa mujibu wa Katiba, ni jukumu la serikali ya kitaifa.

Anayeamua kuruka abebe kitambulisho halisi au pasipoti, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Jina kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho; kosa la herufi lirekebishwe siku ile ile. Panga, kisu na jembe haviingii ndani ya ndege na abiria, na betri ya kuchajia simu haipakiwi kwenye begi la chini. Viazi, njahi na maparachichi ya kumpelekea shangazi ni heri yatumwe kama paseli kwa basi: kilo 20 za viazi kwa ndege zaweza kugharimu kuliko viazi vyenyewe.

Tiketi inunuliwe kwenye tovuti ya kampuni, ofisi zake au kwa wakala anayejulikana. Malipo ya M-Pesa yaende kwa nambari ya biashara yenye jina la kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi aliyejitangaza WhatsApp. Ndege ikifutwa, abiria aitake kampuni imrudishie pesa au impangie safari nyingine, na atunze ujumbe wote wa simu. Asiporidhika na jibu, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Lakini abiria aliyechelewa kwa sababu ya msongamano wa Thika Road huhesabiwa kuwa hakufika, na kwa tiketi nyingi za bei ya chini nauli hiyo hairudishwi.