Mchezo wa Zamani Unapokwama, na Bati la Mubi

Mchezo wa kompyuta wa miaka ishirini iliyopita unaweza kukwamakwama kwenye kompyuta yenye nguvu kuliko ile uliyotungiwa. Chanzo huwa kwenye programu, kwenye joto au kwenye lehemu, na fundi makini huanza na kisicho na gharama.

Kompyuta nyingi za mapajani zina chipu mbili za picha, ndogo ya kuokoa umeme na kubwa ya kazi nzito. Mchezo wa zamani usipotambuliwa hupelekwa kwenye ile ndogo. Mipangilio ya Windows inaruhusu kuuhamishia kwenye kubwa. Kasi iliyozidi nayo huleta matatizo. Grand Theft Auto: San Andreas, uliofika kwenye kompyuta mwaka 2005, una kizuizi cha idadi ya picha kwa sekunde, na kikizimwa hata kuogelea huharibika, kwa kuwa hesabu za mwendo zinategemea idadi hiyo. Kununua kadi mpya ya picha hapo ni kupoteza fedha bure.

Mchezo unaoanza vizuri kisha ukazorota baada ya dakika kadhaa huashiria joto: chipu hujipunguzia kasi isiungue. Kusafisha vumbi na feni mara nyingi hutosha.

Tatizo la lehemu ni zito zaidi. Chipu hushikiliwa kwenye bodi na vitone vya lehemu. Zamani lehemu ilikuwa bati asilimia 63 na risasi 37. Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, Julai 2006, viwanda vilihamia lehemu yenye bati zaidi ya asilimia 95, na haja ya bati ikaongezeka. Sehemu ya bati la miaka hiyo ilitoka Bisie, eneo la Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wabebaji walipita msituni na magunia ya kasiterite, mawe yenye bati, hadi Njingala, jirani na Mubi, na ndege ndogo zikatua juu ya lami huko Kilambo kuyapeleka Goma, huku wenye bunduki wakiwatoza kodi njiani. Jasho hilo halionekani kwenye kadi yoyote, ingawa linastahili kukumbukwa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin huchimba Bisie kwa mitambo.

Tukirudi kwenye kadi, kupata joto na kupoa kila siku hupasua vile vitone vya lehemu. Mistari au madoa ya rangi yakitokea kompyuta inapowaka tu, kabla ya Windows, kasoro iko kwenye kifaa chenyewe. Wengine huipasha kadi kwenye oveni. Huenda ikafufuka kwa siku au wiki chache, lakini mara nyingi ufa uko ndani ya chipu, kama ilivyokuwa kwa mashine ya michezo ya Xbox 360, iliyoilazimu Microsoft kutenga zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2007. Hapo hubaki kubadilisha chipu au kadi nzima.