Mahindi ya Darwin na Jaribio la Wilcoxon

Mtafiti anapolinganisha vipimo vilivyofungamana viwiliviwili, kama vile vya mgonjwa mmoja kabla na baada ya tiba, anachokichunguza hasa ni tofauti iliyomo ndani ya kila jozi, na desturi ya wanatakwimu imekuwa kutafuta wastani wa tofauti hizo na kuupima kwa jaribio la t, ambalo huchukulia kwamba tofauti zimetawanyika kwa umbo la kengele: nyingi karibu na wastani, chache mbali nao. Sampuli ikiwa ndogo, ni vigumu kuthibitisha dhana hiyo, na thamani moja iliyopita kiasi yaweza kuuvuta wastani wote upande wake.

Mwaka 1945 Frank Wilcoxon, mkemia wa Marekani, alichapisha njia isiyodai umbo hilo, akatolea mfano mahindi ambayo Charles Darwin aliandika habari zake mwaka 1876: jozi 15 za mimea, mmoja ukitokana na mbegu iliyopatikana kwa chavua ya mmea mwingine, na mwenzake ukitokana na mmea uliojichavusha. Tofauti za urefu hupangwa kwa ukubwa bila kujali ipi ni hasi, zikapewa nafasi kuanzia 1 kwa iliyo ndogo hadi 15 kwa iliyo kubwa (tofauti ya sifuri huachwa, na zinazolingana hugawana wastani wa nafasi zao), ndipo nafasi za kila upande hujumlishwa. Mimea ya kujichavusha ilishinda katika jozi mbili tu, lakini kwa thumuni 67 na 48 za inchi, zilizoshika nafasi ya 14 na ya 10. Jumla yake ni 24, dhidi ya 96 za upande wa pili.

Lau uchavushaji usingekuwa na athari, kila nafasi ingeweza kuwa chanya au hasi kwa uwezekano sawa, na katika mipangilio yote 32,768 ya alama, inayoelemea upande wowote kwa kiasi hicho au zaidi ni takriban asilimia 4, chini ya mpaka uliozoeleka wa asilimia 5. Anayehesabu ushindi tu, 13 kwa 2, atapata uwezekano usiofika hata asilimia 1, ushahidi unaoonekana mzito zaidi, ila ni kwa kuwa amefumbia macho ukubwa wa vipigo viwili vile.

Hata hivyo, jaribio la Wilcoxon nalo lina masharti: jozi zisitegemeane, na tofauti zitawanyike kwa ulinganifu pande zote mbili za kitovu chake. Penye mwelemeo mkubwa, kule kuhesabu alama peke yake, pamoja na ufukara wake wote, ndiko salama zaidi.