Tegu wa Mbwa Anapofika Kwenye Uti wa Mgongo

Ugonjwa huanza na maumivu ya mgongo, kisha ganzi miguuni, mwishowe mgonjwa hasimami. Eksirei ikionyesha pingili zilizolika, wengi hudhani ni kifua kikuu cha mifupa. Lakini huenda ni tegu wa mbwa, Echinococcus granulosus, aliyeingia mwilini miaka mingi iliyopita.

Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa. Mtu akiyameza, kinyoo huota kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Wanaoathirika mifupa ni wachache, takriban asilimia 0.5 hadi 4, na karibu nusu yao huumwa uti wa mgongo. Kwenye ini, mwili hukizungushia kifuko ukuta mgumu. Ndani ya mfupa ukuta huo haupo: vifuko vidogovidogo hupenya kila upenyo, huumomonyoa mfupa na kubana neva. Hata baada ya upasuaji na dawa ya albendazole ya muda mrefu, mara nyingi ugonjwa hurudi.

Waturkana wa Kenya na majirani zao Watoposa wa Sudan Kusini ni miongoni mwa walioumia zaidi duniani. Kaskazini-magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya waliwahi kufikia 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianza kutibu mbwa, kuelimisha wafugaji na kupima matumbo kwa ultrasaundi, na maambukizi yakapungua. Ila kipimo hicho huona ini. Ndani ya mfupa hakioni.

Hapo ndipo kambi ya Mangateen, jijini Juba, Sudan Kusini, inapotutia wasiwasi. Wakimbizi wa ndani wanaoishi pale waling'olewa makwao na vita vilivyoanza Desemba 2013. Vita hudhoofisha huduma za mifugo na ukaguzi wa nyama, na mbuzi akichinjwa uani, ini lenye vifuko hutupiwa mbwa, naye huambukizwa. Tena, madhara ya yai lililomezwa kijijini yaweza kuonekana kambini baada ya miaka kumi, wakati mgongo umeshaharibika na hospitali yenye CT au MRI haifikiki.

Kwa hiyo kinga ya mfupa haiko hospitalini. Iko kwenye dawa ya minyoo ya prazikwanteli kwa mbwa, angalau mara nne kwa mwaka, chanjo kwa kondoo, na kuzika maini na mapafu yenye vifuko. Serikali na wafadhili wanaohesabu mafanikio kwa wagonjwa waliotibiwa tu watachelewa daima, na atakayelipa ni yule asiyeweza tena kusimama.