Mkalimani Ndani ya Kibao

Shikeni madaftari yenu. Somo letu leo ni juu ya kompyuta ndogo mno, za kibao kimoja. Mfano wetu ni Raspberry Pi Pico, iliyotolewa Uingereza Januari 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani. Urefu wake ni milimita 51 tu.

Kibao hiki hufanya kazi kwa mipigo, mithili ya moyo. Kilipotolewa, kiliweza kupiga hadi mara milioni 133 kila sekunde. Kujumlisha hesabu mbili huchukua mpigo mmoja. Mbona basi wengine hukiona kizito? Sababu ni mkalimani.

Fikirini mgeni anayehutubia barazani. Hotuba yake yaweza kufasiriwa yote jana, leo ikasomwa tu. Ndivyo ilivyo lugha ya C: hufasiriwa kwenye kompyuta kubwa kabla ya kuingia kibaoni. Au mkalimani asimame kando, afasiri papo hapo. Mgeni akirudia neno mara elfu, naye hufasiri mara elfu. Ndivyo ilivyo MicroPython, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013. Kweli, kwanza huyageuza maandishi yako kuwa alama fupi, lakini hata alama hizo kibao hakizielewi. Mkalimani husoma alama, hutafuta jina, huuliza kama hii ni namba au neno, ndipo ajumlishe. Mpigo mmoja umekuwa makumi, na mara nyingi mamia.

Je, kuna hasara? Ukipima unyevu wa udongo kila dakika 10, hakuna hata kidogo. Lakini tuseme kibao kinaongoza mashine ya kukata mbao, nacho huhesabu alama za gurudumu, 50,000 kila sekunde. Kati ya alama na alama ipo mipigo 2,660 tu. Tena mkalimani husimama mara kwa mara kufagia kumbukumbu yake. Akisimama elfu moja ya sekunde, alama 50 zimempita. Wala kibao hakipigi kelele: hesabu hupungua kimya kimya, na mbao hukatwa ndefu kuliko ulivyotaka.

Mimi sishauri mtu akimbilie C siku ya kwanza. Kwa mkalimani unaandika amri, unaona jibu mara moja, unasahihisha. Badilisha sehemu ile tu inayochelewa. MicroPython yenyewe yaweza kufasiri sehemu hiyo mapema, ikaenda upesi kama mara mbili. Na ndani ya Pico wamo watumishi wadogo 8 wawezao kuhesabu alama bila kumwuliza mkalimani. Kazi ya mbao ni yao.

Andikeni swali. Gurudumu lina alama 20, nalo huzunguka mara 10 kila sekunde. Ipo mipigo mingapi kati ya alama na alama? Mkalimani atawahi? Tutasahihisha wiki ijayo. Kwaherini.